Kidonda cha Kuazima

Mlionisoma juma lililopita mliniacha nimekaa sebuleni, mguu mmoja juu ya kigoda, umefungwa kwa mfuko wa plastiki, na mama mkwe amesimama mlangoni na mkoba wake, hajaitikia salamu yangu. Wengine wenu mlipiga simu gazetini kuuliza kama alinipiga. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kwa aliye mgeni nitasema kwa kifupi, maana hata mimi nimechoka kujisimulia. Mimi ni fundi rangi. Niliitwa kupaka rangi mtumbwi kwenye filamu ya maisha ya Mzee Ramani, yule mvumbuzi aliyeingia msitu mnene kutafuta chanzo cha mto, akapotea, akala mizizi na panzi, akatoka mifupa mitupu. Mwigizaji mkuu akagombana na mwongozaji, akaondoka na kofia ya mvumbuzi kichwani. Mwongozaji akageuka, akaniona na brashi yangu.

"Simama hivyo hivyo," akasema. "Pua ndiyo hiyo."

Pua ikaniponza.

Mwongozaji wetu tunamwita Bwana Rudia, kwa sababu neno analolipenda kuliko jina la mama yake ni "Rudia!" Aliniambia nikonde, nikakonda. Mlo wangu ukawa yai la kuchemsha na chungwa, na nyumbani wanakaanga vitu mpaka majirani wanasogea dirishani. Nikawa ng'onda. Tukarekodi kipande cha mtoni, pale Mzee Ramani anapoteremka na mtumbwi, mguu umeoza, anaita watu na sauti haitoki. Kikapendeza. Nikaambiwa haya, sasa kula unenepe, kimebaki kipande cha ujana wake, siku ya harusi.

Nikala. Jamani, nilikula! Nilikula mpaka mke wangu akaanza kuficha sufuria. Mwili haukurudi, kipande cha harusi kikafutwa.

Halafu ikagundulika kwamba kule mtoni, wakati mvumbuzi anakata tamaa mahali ambapo hajawahi kufika binadamu, nyuma yake ilipita chupa ya soda ya plastiki, inaelea taratibu haina haraka. Ikabidi turudie. Bwana Rudia aliponiona alinikumbatia.

"Bahati ilioje! Hujanenepa hata kidogo!"

Nami nikafurahi. Mkitaka kunicheka, nichekeni hapo.

Basi, mama mkwe mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikarudia.

"Marahaba. Usiinuke. Hiyo harufu ni ya nini?"

Harufu ilikuwa ya kidonda, na kidonda kilikuwa cha kutengeneza. Mpambaji wetu, dada mmoja mwenye vidole vyepesi, alikiunda asubuhi nzima kwenye shavu la mguu wangu kwa gundi, unga, rangi nyekundu na utumbo kidogo wa kuku. Funza walikuwa punje za wali. Juu akapaka asali ili nzi waje wenyewe, kwa sababu Bwana Rudia hataki nzi wa bandia. Tukiwa tayari kabisa, mto ukajaa, kazi ikaahirishwa mpaka kesho.

"Fundi, nakuomba," mpambaji akaniambia. "Nenda nacho nyumbani. Usikiloweshe, usikikune. Nikikianza upya nitalia."

Ndiyo nikaja nacho nyumbani, kwa uangalifu wa mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

"Ni rangi tu, mama," nikasema. "Ni mambo ya kazini."

"Nzi hawadanganyiki kwa rangi."

"Ni asali, mama."

"Umepaka asali kwenye kidonda?"

"Si kidonda, mama."

Mke wangu akatoka jikoni, mtoto wetu kiunoni. "Mama, si nilikueleza kwenye simu? Ni filamu. Anaigiza mtu anayeumwa."

Mama mkwe akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Filamu nimeziona," akasema. "Mtu anapigwa risasi leo, kesho yuko kwenye filamu nyingine anacheza dansi. Filamu ni uongo, sawa. Sasa nieleze, mwanangu. Kama filamu ni uongo, kwa nini kukonda kwake ni kweli?"

Mke wangu akamhamishia mtoto kiuno cha pili.  Nilishajiuliza swali hilo mara nyingi, nimelala chali na yai moja tumboni.

"Watu wanasema mkwe wangu anakwisha," akaendelea. "Nimewajibu mpaka nimechoka kuwajibu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimekuja kumchukua binti yangu na mjukuu wangu. Kesho asubuhi tunaondoka. Wewe baba, ukimaliza kuoza kwako, utawafuata, tuone kama umebaki mtu."

"Mama!" mke wangu akasema.

"Au aiache kazi hiyo leo hii. Achague."

Wasomaji wangu, hapa mwanamume mwenye akili angemtazama mke wake. Mimi niliwaza mtumbwi. Nikiacha leo wataleta pua nyingine, wataanza upya, na njaa yote ile nitakuwa nimeifunga bure. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikutaka sifa, sikutaka jina. Nilitaka kumaliza tu, nilale, niamke nikiwa fundi rangi.

"Kimebaki kipande kimoja, mama. Ni kesho tu."

"Na mimi naondoka kesho," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mke wangu akanivuta chumbani.

"Siendi naye," akaninong'oneza. "Maliza kazi yako. Mama nitamtuliza. Lakini nikuulize kitu. Ukimaliza, utarudi?"

"Kwani nimekwenda wapi?"

"Sijui umekwenda wapi. Unakunywa maji kama umetoka jangwani. Unaamka kukojoa mpaka nimechoka kuhesabu. Mtoto hataki kukukalia mapajani, anasema unamchoma. Nikikuuliza kitu unanijibu kwa sauti ya yule mzee wenu. Mimi sikuolewa na mvumbuzi. Niliolewa na mtu wa brashi, anayeimba vibaya bafuni."

"Ni kesho tu, mama watoto."

"Nimesikia," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu, na hilo liliniuma.

Nikarudi kwenye kiti changu na mguu wangu juu ya kigoda. Usingizi wa mchana ukanibeba kabla sijafumba macho vizuri.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mama mkwe alikaa na ile harufu, akavumilia, akajipepea kwa mtandio, akashindwa. Akasema la kuvunda halina ubani, lakini mguu wa mkwe wake hautaozea mbele ya macho yake. Akachemsha maji. Akatia chumvi. Akaleta beseni, akafungua ule mfuko, akapiga magoti, mama mzima wa heshima zake, akaushika mguu wa mkwewe kwa mikono yake miwili. Nafikiri hata yeye aliona aibu. Lakini aliushika.

Niliamshwa na kicheko.

Mama mkwe alikuwa chini anacheka mpaka machozi, kitambaa kibichi mkononi, na ndani ya beseni kidonda changu kinaelea, kizima kizima, na wali wake.

"Kimebanduka!" anapiga kelele. "Njoo uone, mwanangu! Kimebanduka chote kama ganda la yai! Mguu mzima! Mkwe wangu ana mguu mzima!"

"Mama, umeniua!" nikasema. "Kidonda cha watu hicho!"

Nadhani mimi ni mtu wa kwanza duniani kulilia kidonda kilichopona.

"Nisamehe, baba," akasema, bado anacheka. "Nilijua kweli unaoza. Eti punje za wali! Ee Mungu, nimeaibika mimi." Akamgeukia binti yake. "Kaa na mumeo, mama. Sikuchukui tena. Nitakaowajibu huko nyumbani, nitawajibu kwa nguvu zote."

Mke wangu naye akacheka. Mtoto akacheka kwa kuwa sote tulikuwa tunacheka. Nikajiambia, ala, kumbe mambo yenyewe yamekwisha kirahisi namna hii. Mpambaji atalia kidogo, atatengeneza kingine, basi.

Mke wangu akainama kuinua beseni. Akachovya mkono kukiokota kile kidonda. Akautoa upesi, akaupuliza.

"Mama! Haya maji ni ya moto!"

"Ndiyo. Ya kukandia."

"Si ya kukandia haya. Yanaunguza!"

"Mimi nilikuwa nachovya kitambaa kwa ncha ya vidole," mama mkwe akasema. "Nikawa nasema moyoni, sasa hivi ataruka. Sasa hivi ataruka." Kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Hakuruka."

"Nilikuwa nimelala, mama," nikasema. "Nimechoka sana siku hizi."

"Mguu ulikuwa ndani ya beseni, baba. Niliuingiza mimi mwenyewe."

Tukautazama mguu. Ngozi ilikuwa imeiva kuanzia kwenye kifundo mpaka vidoleni. Na pale ilipokuwa gundi, palikuwa na kidonda kingine, kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe. Hicho hakikuwa na rangi wala wali.

"Na hiki?" mke wangu akauliza.

"Labda ni gundi imenichubua."

Akapiga magoti, akaukumbatia mguu wangu kifuani, amenipa mgongo, nisione anachofanya.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Hapa je? Nimebana kidole gumba."

"Nasikia, mke wangu. Unaniumiza sasa."

Akageuza kichwa, akanitazama.

"Sijakugusa bado," akasema.

Nimeungama mambo mengi kwenye safu hii, nanyi mmenivumilia, lakini ninavyoandika hili mkono wangu ni mzito. Nilijua. Kwa majuma kadhaa mguu ule ulikuwa kama umevaa soksi nene ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona. Nilijiambia ni njaa. Nilijiambia ni baridi ya mtoni. Niliogopa kuulizwa, maana anayeulizwa huambiwa apumzike, na mimi nilikuwa na kipande kimoja tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, hajali tena kama mkwe wake anamwona.

"Baba yake huyu alianza hivi hivi," akasema. "Maji, maji, maji. Chakula anakula, mwili hauonekani. Siku moja alikaa karibu na jiko, ndala ikayeyukia mguuni, mimi ndiye niliyesikia harufu. Baadaye hospitali wakatuambia ni sukari. Baadaye sana."

"Kabla ya hapo mlimfanyia nini?" nikauliza.

"Tulimwambia apumzike," akasema. Mke wangu aliangalia pembeni. Baba yake sikuwahi kumwona. Alizikwa kabla hatujajuana.

Honi ikalia nje.

Bwana Rudia huwa habishi hodi. Aliingia na kofia yake na jasho lake. "Fundi! Mto umetulia, jua limekaa mahali pake, mawingu yamenitii leo! Inuka twende, mpambaji anatusubiri!" Akauona mguu. "Kidonda kiko wapi?"

Mama mkwe akamwonyesha beseni.

Alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa maiti ya ndugu yake. Halafu akachuchumaa mbele ya mguu wangu, akavaa miwani.

"Na hiki nani amekitengeneza?"

"Hakuna aliyekitengeneza," mke wangu akasema.

"Kizuri," akasema Bwana Rudia, polepole. "Kizuri sana hiki. Na hii ngozi nyekundu. Mpambaji atakizungushia tu kidogo, tutasogeza kamera karibu."

"Huyu hasikii mguu wake," mke wangu akasema. "Anakwenda hospitali."

"Najua hasikii."

Mama mkwe akainuka kutoka sakafuni.

"Unajua?"

"Majuzi mpambaji alimdondoshea gundi ya moto mguuni, hakutikisika. Dada wa watu akanijia analia, bosi, yule mtu hasikii. Nikamwambia mwache, usimguse, ameingia kwenye uhusika. Kuna waigizaji wanahangaika maisha yao yote wafike hapo, hawafiki."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisifu, na macho yake yaling'aa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa nimekaa pale na mguu usio wangu, nilijisikia vizuri. Hakuna aliyewahi kunisifia kazi ya brashi namna ile.

"Mara moja tu, fundi," akasema. "Jua likiwa bado lipo. Kisha gari hili hili linakupeleka hospitali. Nikidanganya, nife."

Mke wangu akampandisha mtoto begani.

"Ukiingia kwenye gari hilo kwenda mtoni," akaniambia, "ukirudi hunikuti. Asisingiziwe mama. Ni mimi nasema."

Nilitakiwa kusema hapana. Ni neno dogo, hata mtoto wetu analijua, analisema kutwa nzima. Nikafungua mdomo.

"Ni mara moja tu," nikasema. "Halafu hospitali. Nakuapia, mke wangu."

Hakupiga kelele. Alivaa viatu, akamfunika mtoto kichwa, akatoka. "Mama, twende," alisema akiwa nje tayari.

Mama mkwe hakwenda. Alijifuta mikono kwa mtandio wake, akanitangulia mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa karibu na dereva kama mwenye mali.

"Mama!" mke wangu akaita kutoka barabarani.

"Tangulia, mwanangu. Wewe una miguu inayosikia. Huyu hana." Akamgeukia dereva. "Hospitali."

"Mtoni," akasema Bwana Rudia, aliyekwisha kukaa nyuma pamoja nami.

"Baba, mimi ni mtu mzima," mama mkwe akamwambia bila kugeuka. "Sirudii neno."

Dereva akanitazama kwenye kioo. Alikuwa mtu mzima na yeye, ana mke, nilimwona anataka nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikuwa naangalia nje. Mke wangu alikuwa anapita mbele ya kibanda cha fundi vioo, hatua zake za haraka, na mtoto juu ya bega lake ananitazama mimi, ananipungia mkono kama tunavyofanya nikienda kazini.

Hapo ndipo uchovu wote uliponitoka. Nikafungua mlango wa gari.

"Fundi!" Bwana Rudia akanishika shati. Likachanika, nikaliacha mkononi mwake.

Nilikimbia. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna kitu, kifua wazi, mbavu zangu zote nje, watu wanasogea pembeni wanipishe. Nilipita kwa fundi vioo, alikuwa amemwaga vipande vyake mlangoni anafagia, akanipigia kelele, sikujali. Nilikimbia kama kijana. Niseme kweli, sikuwahi kujisikia mwepesi hivyo tangu nianze kufunga. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo nalijua mimi na mama yake tu.

Akasimama. Akageuka.

"Siendi mtoni," nikamwambia, nahema. "Umenisikia? Siendi. Wampe mwingine pua hiyo. Nirudishe nyumbani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa macho yake. Alinitazama kidogo tu, halafu akatazama chini, nyuma yangu, mbali kidogo. Akauzungushia mkono uso wa mtoto, akamgeuza aangalie ukutani.

"Umekanyaga nini?" akauliza.

"Sijakanyaga kitu. Nisikilize kwanza."

"Geuka, mume wangu."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa anakuja mbio, ameshika nguo yake juu kwa mikono yote miwili ili isiburuze barabarani. Na barabarani, kutoka kwenye kibanda cha fundi vioo, zilikuwa zimepangana nyayo za mguu mmoja, nyekundu, kila moja imelowa kuliko iliyotangulia, mpaka chini ya kisigino changu.